Mafuta ya Seli Mama

Siku Kaka alipotangaza kwamba anafunga hewa, Kitinda alisimama kuzungumza kabla hajaulizwa. Kosa hilo alikuja kulijutia kuliko makosa mengine yote aliyoyafanya pale kiwandani.

Walikuwa kwenye ukumbi mdogo ulio juu ya chumba cha matangi, ambako sakafu hutetemeka kila pampu kubwa inapowaka. Tajiri, mwenye kiwanda, alikuwa amepanga mezani chupa za bia zilizorudishwa na maduka. Alikuwa amezifungua zote, na kila aliyeingia mlangoni alilazimika kuonja. Bia ilikuwa na ladha ya karatasi iliyolowa. Watu walimeza huku wamekunja nyuso, wakatafuta pa kukaa mbali naye.

"Hiyo ni hewa," alisema Kaka, msimamizi wa matangi. "Maji matamu ya kimea yakishapoa, tunayapulizia hewa kabla ya kutia hamira. Ile inayobaki ndiyo inayoizeesha bia. Mimi nasema tufunge mpira wa hewa, basi. Bia ikae dukani mpaka ichoke kungoja mnywaji."

Watu wakacheka. Tajiri naye akatikisa kichwa kukubali. Hapo ndipo Kitinda aliposimama.

Alikuwa msichana wa maabara, peke yake na darubini yake, jokofu lake na kipima sukari chake. Alikuwa pia mdogo wake Kaka, tumbo moja, kitinda mimba wa mama yao, na ndiyo maana hata kazini jina la nyumbani lilimfuata. Alikuwa ametoka chuoni si zamani, na kichwa chake kilijaa mambo aliyotaka kuyatengeneza duniani.

"Samahani," alisema. "Tukifunga hewa, hamira itakufa. Seli ya hamira ina utando unaoizunguka kama ngozi, na utando huo umejengwa kwa mafuta. Hamira inahitaji ile hewa ya mwanzo ili itengeneze mafuta laini. Ikikosa, utando unakuwa mgumu, unapasuka, na kileo inachokitengeneza yenyewe kinaingia na kuiua. Tangi litasimama katikati na sukari yake, tutamwaga lote. Haya ni mambo ya mwaka wa kwanza, Kaka, hata mtu ambaye..."

Akajiuma ulimi, lakini alikuwa amechelewa. Hakuna aliyekuwa mle ukumbini asiyejua kwamba Kaka hakwenda chuo, na sababu yake. Baba yao alipofariki, Kaka aliacha shule akaja hapo hapo kuosha mapipa, ili mdogo wake asikose daftari wala nauli. Mikono yake ilikuwa na makovu ya soda ya kuoshea mpaka leo. Na mdogo wake ndiye huyo, mbele ya Tajiri, anamfundisha mambo ya mwaka wa kwanza.

Kaka hakukasirika, au hakuonyesha. Alitabasamu upande mmoja wa mdomo.

"Msomi amesema," alisema. "Tuliulize tangi."

Tangi lilijibu vibaya, kwa upande wa Kitinda. Bia ya kwanza isiyopuliziwa hewa ilichemka vizuri, ikamaliza sukari yake, ikatoka angavu. Ikakaa kwenye rafu za maduka bila kupata ile ladha ya karatasi. Tajiri alikunywa glasi nzima akiwa amesimama, akampiga Kaka begani.

Povu, fundi wa pampu, mtu ambaye mdomo wake haukuwa na koki, hakuiacha nafasi ile ipite.

"Mama Hewa!" aliita kila Kitinda alipokatiza chumba cha matangi. "Vipi, mazishi ya hamira ni lini? Nimeshaazima turubai."

"Endelea kucheka, Povu."

"Sicheki, najikaza nisilie. Marehemu mwenyewe ananenepa!"

Vicheko vikaruka kutoka tangi moja hadi jingine, na Kaka, aliyekuwa juu ya ngazi akisoma kipimajoto, alicheka pia. Kicheko hicho kimoja ndicho kilichomchoma Kitinda. Vingine vyote angevimeza.

Alirudi kwenye darubini yake. Alijua kwamba alichosema ni kweli, na alikuwa ameona kwa macho yake kwamba hakikutokea, basi lazima kuna jambo amelisahau. Alitazama hamira iliyotoka kwenye tangi lile, akaitazama tena. Seli zilikuwa hai, zinachipua. Katika hamira, seli mama huota kijinundu ubavuni, kijinundu kikakua kikawa seli binti, kisha binti akajitenga. Kitinda aliwatazama mabinti wale, wadogo, mviringo, na taratibu akalielewa kosa lake.

Seli mama humgawia binti utando wake. Kama hakuna hewa ya kutengenezea mafuta mapya, anagawa yale aliyonayo: nusu kwa binti, nusu abaki nayo. Hamira ile iliingia tangini imenona, imelishwa hewa maisha yake yote, na katika tangi la kwanza ilikula akiba. Mabinti nao watagawa ile nusu yao kwa mabinti zao. Utando utazidi kuwa mwembamba, tangi baada ya tangi, na kwa nje hakuna atakayeona chochote. Nani angejua kwamba mama ameanza kukonda, ikiwa watoto wanacheza?

Alikaa juu ya kiti chake kirefu mikono imeanguka mapajani. Laiti angesimama pale ukumbini akasema, "Si tangi hili, ni la tatu au la nne!" Lakini alisema ni tangi hili, na mtu aliyekwisha kukosea mbele za watu huwa hapewi masikio mara ya pili.

Hata hivyo alikwenda. Alimkuta Kaka chini ya matangi, amechuchumaa, anakaza koki.

"Kaka, nilikosea ile siku."

"Ah!" Kaka aliinua kichwa. Uso wake ulilainika kidogo. "Yameisha, mdogo wangu."

"Nilikosea tangi, si jambo lenyewe. Hamira inakula akiba. Tangi hili linalofuata litakwenda polepole, na lile lingine litasimama. Lakini kuna njia. Usiyapulizie maji ya kimea, uko sahihi kabisa, bia inazeeka. Tuipe hewa hamira yenyewe ikiwa bado kwenye kopo lake, kabla haijaingia tangini. Itaila yote pale pale, itatengeneza mafuta yake, na kwenye bia hakitafika kitu."

Kaka alikaza koki kuliko ilivyohitaji kukazwa.

"Nimemwambia Tajiri hakuna hewa. Popote. Amewaambia wenye maduka hivyo hivyo. Sasa nirudi nimwambie hewa ipo, ila imejificha kwenye kopo?"

"Nijaribu kwa tangi dogo tu. Moja."

"Mara ile ulisema itakufa. Ilikufa?"

"Haikufa."

"Basi." Alisimama, akajifuta mikono kwenye suruali. Akaongeza kwa sauti ya chini, bila kumtazama, "Na siku nyingine ukiwa na la kuniambia, niambie hivi hivi, tukiwa wawili."

Tangi la pili lilikwenda polepole. Kaka alisema ni baridi. Akawasha mvuke kidogo, likamaliza kwa kujikokota, na kwa kuwa lilimaliza, hakuna aliyeuliza zaidi. Lakini Kitinda aliona chini ya lenzi seli zilizonywea, nyingine zimevuja. Lile linalofuata lingesimama. Hakuwa na shaka nalo, kama asivyokuwa na shaka na jina lake.

Na Kaka alikuwa anangojea cheo. Tajiri alishatamka mbele ya watu kwamba matangi yakiendelea hivi, Kaka atakuwa mkuu wa uzalishaji. Lakini Tajiri alikuwa mtu wa kutoa kwa mkono mmoja na kunyang'anya kwa mwingine: msimamizi aliyetangulia alifukuzwa kwa tangi moja tu lililomwagwa, akatolewa getini na buti za kazi miguuni. Nyumbani, mama yao alikuwa ameshawatangazia majirani mpaka wa mtaa wa nyuma. Kila Kitinda alipofikiria tangi likisimama, hakuona nafasi ya kusema "niliwaambia." Aliona mikono ile yenye makovu imebeba boksi la vitu vyake, inatoka getini.

Basi akafanya alichokatazwa.

Haikuwa vigumu. Tangi lilipomaliza kazi, hamira iliyotuama chini ilikingwa kwenye kopo kubwa la chuma, ikaletwa maabara ihesabiwe chini ya darubini kabla ya kupelekwa kwenye tangi jipya. Katika muda huo kopo lilikuwa mikononi mwake. Alitwaa pampu ndogo, akaifungia kichujio cha pamba ili uchafu usipite, akatumbukiza mpira mwembamba mpaka chini ya kopo, akafunga mlango.

Mara ya kwanza hamira ilifura ikamwagika mezani na sakafuni, ikanuka mkate mbichi chumba kizima. Aliipangusa kwa koti lake jeupe, akicheka peke yake kwa hofu. Mara ya pili alikuwa amejifunza: hewa kidogo kidogo, na povu likipanda shingoni mwa kopo, kuzima. Alipoweka tone chini ya lenzi aliona seli zimejaa, ndani yake vitone vya mafuta vinang'aa kama macho ya samaki mbichi. Alizitazama kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka. Zilikuwa zimeshiba, jamani, na yeye ndiye aliyezilisha.

Tangi la tatu lilichemka likaimba. La nne vilevile. Kaka alianza kupita koridoni akipiga mluzi. Povu akampandisha Kitinda cheo kutoka Mama Hewa hadi Mjane wa Hamira, na Kitinda, kwa mara ya kwanza, aliweza kucheka naye, kwa sababu alikuwa na siri tamu. Alijipangia kwamba siku Kaka atakapopewa cheo, atamvuta pembeni na kumwambia. Kaka atashika kichwa, atasema, "Wewe mtoto wewe!" Watacheka mpaka machozi, na lile neno lililoponyoka ukumbini litakuwa limelipwa.

Siku ya cheo ilifika. Tajiri aliwakusanya wote uani, akaisifu "njia ya msimamizi wetu, hewa sifuri," akampa Kaka mkono mbele ya kamera. Kitinda alisogea, lakini mabega ya watu yalikuwa mengi kati yao. Akasema moyoni, kesho. Kesho yake Kaka alikuwa kwenye mkutano, na keshokutwa vilevile.

Kisha Kaka akaja mwenyewe maabara. Hakuwahi kukaa mle. Siku hiyo alikaa, juu ya kile kiti kirefu, miguu yake mirefu haijui pa kwenda.

"Tajiri anataka tupunguze," alisema. "Ameniuliza kila chumba kina kazi gani."

Kitinda aliweka chini kipima sukari chake.

"Hiki nimekosa la kumjibu, mdogo wangu. Hamira inajilea yenyewe. Tangi baada ya tangi, hakuna lililokwama. Kuhesabu seli, Povu anaweza kufundishwa. Nimwambie nini? Kwamba nabakisha maabara kwa kuwa dada yangu yumo? Watasema nimepewa cheo nikaanza na ndugu."

Kwanza Kitinda alidhani ni mzaha, kisha akaona kwamba Kaka alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili, kama mtu aliyekuja kutoa habari ya msiba.

Akainama, akasogeza madumu ya maji yaliyochujwa, akaitoa pampu na mpira wake. Akaviweka mezani.

"Hiki ndicho kinachoilea," alisema. "Tangu tangi la tatu. Kila kopo."

Kaka aliitazama pampu. Akaushika mpira, akaunusa. Ulinuka hamira. Kwa nukta chache Kitinda aliona jambo likipita usoni mwake, likikaribia kutua. Kisha likaondoka.

"Mara ya kwanza ulisema itakufa kwa sababu yangu," alisema Kaka pole pole. "Haikufa. Sasa unasema haikufa kwa sababu yako. Mimi nifanyeje ili niwe nimepatia hata mara moja?"

"Kaka, sijasema hukupatia. Bia haizeeki, hiyo ni yako. Lakini..."

"Ulikuwa unaingiza hewa kiwandani kwangu, kwa siri, na mimi nasimama mbele ya watu nasema hakuna. Tajiri angegundua, mimi ndiye ningetolewa getini. Umelifikiria hilo?"

"Nilikuwa nakulinda!"

"Na nani alikuomba?" Sauti ilipanda, ikajishusha. Alivaa kofia. "Tusilifikishe kwa Mama."

Akaondoka na pampu. Mpira ulikuwa unaburuta nyuma yake koridoni.

Maabara ilifungwa, na Kitinda akapata kazi kwenye kiwanda cha mikate, kupima unga na kufungua pakiti za hamira kavu, hamira ya chembechembe inayotoka ikiwa imelala na haimjui mtu. Nyumbani alisema amechoka na harufu ya bia. Mama alimtazama, akasema, "Haya," kwa ile sauti ya wazazi ambao hawajaamini lakini hawataki ugomvi.

Kila siku, akiwa na vumbi la unga kwenye nyusi, Kitinda aliyafuatilia matangi kwa moyo. Tangi la kwanza bila yeye litakwenda vizuri. Mabinti wanakula alichowaachia. La pili litajikokota, na Kaka atasema ni baridi. La tatu... Alikuwa analitamani la tatu. Alilitamani kama mtu anavyotamani chakula, kisha akajichukia, kisha akalitamani tena. Huyo alikuwa ni Kaka, aliyeosha mapipa ili yeye ajue seli ni nini. Alimgawia nusu ya ngozi yake. Na pengine, alianza kuwaza kwa mara ya kwanza, mtu aliyegawa nusu hivyo hawezi kuvumilia kuambiwa kwamba ile nusu nyingine nayo si yake.

Kaka alikuja mchana wa siku ya mapumziko. Mama alifurahi, akaenda jikoni kuchemsha chai na kukata mkate ambao Kitinda alikuwa ameutoa kazini. Kaka alikaa ukingoni mwa kiti. Alikuwa amekonda chini ya macho.

"Limesimama," alisema.

Kitinda alikuwa amelisubiri neno hilo kwa muda mrefu. Lilipokuja, halikuwa na utamu wowote.

"Sukari imebaki kiasi gani?"

"Karibu nusu. Tajiri yuko safarini, hajajua. Nimeweka mvuke, nimekoroga, hakuna." Akautazama mlango wa jikoni. "Ulikuwa sahihi. Nimeitafuta ile pampu, ninayo, ila sijui inavyowekwa. Povu kajaribu, kopo likafura likamwagika lote."

"Hata mimi lilimwagika mara ya kwanza."

Karibu wacheke. Kitinda aliusikia moyo wake ukilegea, na kwa muda mfupi aliamini kwamba sasa ndiyo, sasa Kaka atasema, njoo, twende wote.

"Nirudi?" aliuliza. "Hata kwa siku chache tu. Iliyobaki ni dhaifu, inahitaji mtu wa kuitazama."

Kaka alisugua kovu la kiganjani.

"Maabara tumeifanya stoo ya vizibo. Na wewe unajua kazini kulivyo. Nikimwambia Tajiri kwamba njia ile haikuwa yangu peke yangu, nitasimama wapi? Nieleze tu, nitafanya mwenyewe."

Akatoa simu, akaiweka mezani kati yao, akabonyeza. Ilikuwa inarekodi.

Kitinda aliitazama simu. Angeweza kunyamaza. Angeweza kusema, kwanza waambie ni nani aliyekuwa akiilea hamira. Lakini mle tangini kulikuwa na viumbe wasio na hatia, wamekonda mpaka ngozi inavuja, wanakufa kwa kileo cha jasho lao wenyewe, na yeye ndiye pekee aliyejua wanataka nini. Akaanza.

"Nilikuwa nachukua kopo likiwa bado la baridi. Nilikuwa nafunga kichujio cha pamba kwenye..."

Kaka alinyoosha kidole, akazima.

"Hapo umejitaja," alisema kwa upole, kama mtu anayemtoa mtoto uzi kwenye nguo. "Huenda nikawasikilizisha vijana wa zamu. Anza upya. Taja kazi tu."

Akabonyeza tena.

Kitinda akaanza upya. Akataja kopo, baridi, kichujio, mpira mpaka chini, hewa kidogo kidogo, povu likifika shingoni kuzima. Hakukosea hata kitu. Sauti yake ilikuwa tulivu, safi, ya mtu asiyekuwepo.

Kaka aliisikiliza mara moja kuhakikisha, akaitia mfukoni, akasimama. Mama alitoka jikoni na sinia.

"Mbona unakimbia, baba? Hata chai?"

"Kazi, Mama. Kuna tangi limekwama."

"Basi mfungie kaka yako mkate," Mama alimwambia Kitinda. "Mfungie wote. Wewe si unafanya kazi huko huko, utaleta mwingine."

Kitinda akachukua karatasi, akaufunga mkate wote, akampa. Kaka aliupokea kwa mikono miwili. Mlangoni akageuka, uso umeanza kupata nuru.

"Asante, Mama Hewa," alisema, na akangoja acheke.

Kitinda akacheka.